MALI ILIYOKAMATWA IUZWE GARISSA, MBELE YA WATU



Katika mkutano wa tawi uliopita nilisimama kuomba chama chetu kiseme neno juu ya mali ya magendo inayokamatwa upande wa kwetu, Garissa, na namna inavyouzwa. Ndugu mmoja akasimama baada yangu, akasema hivi: "Mwenye magendo ni mwizi. Serikali ikimnyang'anya, na iuze itakavyo. Sisi ni watu wa reli, na Garissa hata reli hakuna. Jambo hili latuhusu nini?" Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza, tukaendelea na habari ya posho ya usiku. Sikupata nafasi ya kujibu. Najibu hapa.

Kweli, Garissa hakuna reli. Tangu Machi 2012, mpango wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu, ramani inaonyesha reli itakayotoka pwani ipite Garissa mpaka Isiolo, na mpaka leo hatujaona hata taruma moja. Lakini mali inayouzwa na Forodha hupita mikononi mwetu. Makontena yanayokaa Embakasi mpaka yakaota kutu yalipandishwa behewani na wafanyakazi, yakashushwa na wafanyakazi. Lakiri ikikutwa imekatwa, au gunia likipungua kwenye hesabu, wa kwanza kuitwa ofisini ni kuli na karani wa lango. Yule aliyekuja na karatasi saa nne za usiku haitwi. Kwa hiyo jambo hili latuhusu. Na mimi lanihusu mara mbili, maana nilizaliwa kando ya mto Tana na jamaa zangu wangali huko.

Kwanza tuielewe sheria, kwa sababu hata katika mkutano ule watu walichanganya mambo mawili. Sheria ni moja kwa nchi za Jumuiya: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ndani yake mali hufika mnadani kwa milango miwili, na milango hiyo haifanani.

Mlango wa kwanza ni wa mali iliyochelewa. Mzigo umefika kwa njia ya halali, lakini mwenyewe hajaulipia ushuru. Labda amefilisika, labda amekufa, labda hati zake zina kasoro. Siku zilizowekwa zikipita mzigo hupelekwa ghala la Forodha. Ndipo hutolewa tangazo katika Gazeti la Serikali kwamba usipoondolewa katika siku 30 utahesabiwa umeachwa, na utauzwa kwa mnada. Namba za makontena huandikwa, siku ya kwenda kutazama hutajwa. Mnada ukiisha fedha hugawanywa kwa mpango: kwanza ushuru, kisha gharama za kuuza, kisha kodi ya ghala, kisha bandari na wenye meli. Kikibaki kitu, mwenye mali anaweza kukidai katika mwaka mmoja. Asipodai, kinaingia katika mapato ya Serikali. Huo ni mpango unaoeleweka, ingawa kodi ya ghala ina meno na mara nyingi hakibaki kitu. Na wachuuzi wa Nyamakima hapa Nairobi wana neno lao la kuongeza. Mwaka 2019 walipiga kelele kwamba makontena yao yamekwama kwa sababu wakaguzi wa Serikali hawajamaliza kuyakagua, na wakati huohuo kodi ya kukaa inahesabiwa siku kwa siku juu yao. Tuyaache hayo, kila mtu wa Embakasi anayajua.

Mlango wa pili ni wa mali iliyokamatwa. Hapa hakuna chenji ya kumrudishia mtu. Mali iliyoingia bila kulipiwa ushuru, au mali iliyokatazwa, ikishikwa na ofisa inaweza kutaifishwa, na gari lililoibeba vilevile. Mwenye mali akiona ameonewa, sheria inampa mwezi mmoja aandike barua kwa Kamishna kuidai mali yake. Mwezi ukipita bila barua, mali imekwisha kuhukumiwa, hapana hakimu aliyekaa wala shahidi aliyesikilizwa. Serikali yaweza kuiuza, kuiharibu, au kuitumia kwa njia nyingine Kamishna atakavyoona. Ikiwa ni mnyama au kitu cha kuoza, chaweza kuuzwa mapema. Na mkifika mahakamani, si kazi ya ofisa kuthibitisha kwamba ushuru haukulipwa. Ni kazi yako kuthibitisha kwamba ulilipwa.

Sasa tazameni ule mwezi mmoja. Ofisa anatakiwa kumpelekea mwenye mali barua ya kumwarifu kwamba mali imekamatwa na kwa sababu gani. Lakini barua hiyo si lazima ikiwa mali ilikamatwa mbele ya mwenyewe au mtumishi wake. Maana yake ni hii. Mtu ambaye mzigo wake umekutwa ghalani naye hayupo, ana haki ya kuletewa barua. Mwanamke aliyesimama kando ya gunia lake barabarani, hana. Ameona kwa macho, basi, imetosha. Nani atamwambia kwamba mwezi wake umeanza kuhesabiwa palepale alipokuwa akilia?

Ichukue sheria hiyo sasa uipeleke barabara ya Liboi. Mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa Januari 2007. Mei 2023 mawaziri wa nchi mbili walikutana Nairobi wakakubaliana ufunguliwe kidogo kidogo, Mandera, kisha Liboi, kisha upande wa Lamu. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulio, Serikali ikaahirisha. Miaka kumi na sita ilipita hapo katikati, na watu walikuwa wanakula. Sukari, mchele, tambi, mafuta ya kupikia na maziwa ya unga viliendelea kufuata njia yao kutoka bandari ya Kismayu, vikapita Dhobley, Liboi na Dadaab mpaka Garissa. Mama wa Dadaab aliyetaka kulipa ushuru wa gunia lake angelipia kwenye dirisha gani, na mpaka umefungwa? Serikali ilifunga mlango wa halali, kisha ikamkamata mtu kwa kutopita mlangoni.

Wala msifikiri mali hiyo hupita kwa siri. Novemba 2015 watu wa Journalists for Justice walitoa ripoti yao juu ya sukari na mkaa wa Kismayu, wakasema kwamba njia nzima ilikuwa na watoza fedha: Al-Shabaab, wakuu wa Jubaland, na hata jeshi letu. Jeshi likakanusha. Mimi si hakimu. Lakini nimepakia mizigo tangu ujana wangu, na najua lori lililojaa magunia ya sukari si sindano. Halifichwi ndani ya kanzu. Likipita vizuizi vyote hivyo salama, halafu gunia moja la abiria wa basi likashikwa kwenye kizuizi cha mwisho, hapo kuna jambo la kuulizwa.

Shangazi yangu alikuwa akiuza sukari na maziwa ya unga kwa gorogoro. Alishushwa kwenye basi katika kizuizi kimoja, sitakitaja, magunia matatu yakabaki kando ya barabara, yeye akaambiwa apande basi aende zake. Hakupewa karatasi. Alirudi siku ya tatu, akaambiwa mzigo umepelekwa ofisini. Ofisini akaambiwa haujafika. Mpaka leo hajui kama ile sukari iliuzwa, ililiwa au ilichomwa moto. Yeye hakusema hapaswi kulipa. Alichotaka kujua ni imekwenda wapi, na fedha yake imeingia mfuko upi. Swali hilo hata mimi niliyesoma shule ya msingi ya misheni naweza kulielewa: ni hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Watu wa kwetu wana sababu ya kuuliza hivyo, maana hawakuanza jana kuona Serikali ikichukua mali. Sheria ya mwaka 1934 ya Mkoloni juu ya wilaya maalumu ilimruhusu mkuu kulitangaza kabila zima kuwa adui na kushika watu wake na mali yao. Vikaja vita vya shifta, 1963 mpaka 1967, ngamia na ng'ombe wakachukuliwa kwa wingi, na aliyechukuliwa hakupewa hati. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa, kwamba mtu asiende mahakamani kudai fidia kwa yaliyotendwa siku zile North Eastern, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu.  Mzee aliyenyang'anywa ngamia hakuwa na mlango wa kubisha. Sisemi ofisa wa Forodha wa leo ni sawa na askari wa siku zile. Nasema kwamba huko kwetu karatasi inayokosekana si jambo dogo.

Nirudi kwa wafanyakazi, kwa kuwa gazeti hili ni lao. Lori likikamatwa, dereva na tanboi wake wamekwisha siku hiyo. Gari laweza kutaifishwa pamoja na mzigo. Tajiri wa gari ana wakili, atasema hakujua kilichobebwa. Dereva atasemaje hakujua naye ndiye aliyeshika usukani? Yeye hulala selo, na tanboi anayelipwa kwa safari hulala pamoja naye. Na mwenye sukari? Mara nyingi jina lake hulioni. Kwenye magazeti husomwa kwamba dereva amekamatwa, msaidizi wake amekamatwa, magunia yamezuiliwa. Mwenye magunia ni kama upepo. Yule ndugu aliyesema "mwenye magendo ni mwizi" angefikiri kidogo ni nani hasa anayeitwa mwizi katika karatasi hizo, na kama si mfanyakazi mwenziwe.

Haya, mali imehukumiwa, inauzwa. Inauzwa wapi na kwa nani? Matangazo makubwa tunayoyaona ni ya Kilindini na Embakasi. Mali hupangwa kwa mafungu, na fungu moja laweza kuwa kontena nzima. Mnunuzi huichukua ilivyo na ilipo, na kuiondoa ni juu yake. Mama mwenye hoteli ya chai katika mji wa Garissa hawezi kununua kontena, wala hawezi kulala Mombasa siku tatu akingoja nyundo. Chama cha ushirika cha wafanyakazi hakiwezi pia, kwa mpango ulivyo. Anayeweza ni yule mwenye fedha nyingi mkononi, mwenye malori, mwenye wakala wa forodha, na mwenye rafiki wa kumnong'oneza fungu lipi ni zuri. Mtu wa namna hiyo si mgeni wa biashara ya sukari.

Na hapa ndipo penye ubaya mkubwa. Nyundo ikianguka, magendo yamekuwa halali. Sukari ni ileile, gunia ni lilelile, ila sasa lina karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko sukari yenyewe. Kila karani wa lango anajua: hati ya kutolea mzigo isiyoandikwa namba ya gari, idadi ya magunia na siku ya mwisho, huweza kutoka leo, ikatoka kesho, ikatoka wiki ijayo. Aliyenunua magunia 500 mnadani anaweza kupitisha 5,000 barabarani, na kila akisimamishwa anaonyesha karatasi moja. Sisemi fulani amefanya. Nasema mlango uko wazi, na katika kazi yangu sijaona bado ghala lililoachwa wazi mwaka mzima bila mtu kuingia.

Msidhani nasema hewa. Kumbukeni sukari ya Thika. Ilikuwa imeingizwa nchini mwaka 2018, ikapimwa, ikaonekana haifai kuliwa na binadamu, ikafungiwa ghalani. Uamuzi ulikuwa igeuzwe kuwa spiriti ya viwandani. Magunia 20,000 ya kilo 50: hiyo ni kilo milioni moja. Ikakaa miaka mitano. Kisha ikatolewa kinyume cha utaratibu, na nchi nzima ikaingia hofu kwamba iko madukani. Tarehe 17 Mei 2023 Mkuu wa Utumishi wa Umma akatangaza kwamba maofisa 27 wamesimamishwa kazi, wa KRA, wa KEBS, wa polisi na wa idara nyingine. Kusimamishwa si kuhukumiwa, na wenye kesi wana haki yao. Ila nataka mpime mambo mawili kwenye mizani moja. Magunia matatu ya shangazi yangu hayakupata njia ya kurudi. Magunia 20,000 yaliyohukumiwa yakapata njia ya kutoka.

Na mwaka wa sukari hiyo wenyewe mnaukumbuka. Juni 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani alisema sukari iliyokamatwa ina zebaki na shaba. Wenzake wengine wakasema vingine. Agosti Bunge likaitupa ripoti ya kamati yake lenyewe, huku wabunge wakituhumiana hongo. Nyuma kidogo, Mei 2017, Hazina ilikuwa imefungua sukari iingie bila ushuru kwa sababu ya ukame. Kwa kawaida sukari inayotoka nje ya Jumuiya na nje ya COMESA hutozwa ushuru wa asilimia 100. Basi katika miezi ile tajiri mwenye meli aliingiza shehena bila senti moja ya ushuru, kwa tangazo la Gazeti la Serikali, na gunia la Liboi likabaki magendo. Ukame ulikuwa uleule, na ulitupiga sisi wa Garissa kabla ya kuwapiga wengine.

Kuna watakaosema kwamba Serikali haina ujuzi wala njia ya kufanya mambo haya wazi. Si kweli, njia inajulikana. Aprili 2016 meno ya tembo tani 105 yalichomwa moto katika mbuga ya Nairobi, marundo kwa marundo, mbele ya wageni na kamera za dunia nzima. Hakuna aliyeuliza usiku yamekwenda wapi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, KRA ilitoa ethanoli iliyokuwa imeikamata, ikatengenezwa dawa ya kutakasia mikono, ikagawiwa watu. Nalitaja jambo hilo kwa heshima, kwa sababu lilikuwa jema. Basi ikitaka, Serikali huweza kuchoma hadharani, na huweza kuwapa watu bure. Kwa nini ikifika zamu ya sukari mambo yanafanyika gizani?

Tena watu wa Garissa si wageni wa kuuza na kununua. Soko letu la mifugo ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki. Pale kati ya muuzaji na mnunuzi husimama dalali, Wasomali humwita dilaal, na kazi yake si kutaja bei peke yake. Yeye ndiye mdhamini kwamba mnyama si wa wizi na kwamba anayeuza anajulikana. Ng'ombe akionekana baadaye ni wa kuibwa, dalali ndiye hutafutwa kwanza, na jina lake likiharibika sokoni amekwisha. Hicho ndicho kinachokosekana katika mnada wa Forodha: mtu mmoja mwenye jina, anayeulizwa baadaye.

Sasa nimjibu ndugu mwingine, aliyenifuata nje baada ya mkutano. Yeye ni mtu wa Magharibi, na maneno yake yalikuwa mazito kuliko ya yule wa kwanza. Aliniuliza, "Nyinyi mnatetea sukari ya Kismayu, na sisi je? Sukari hiyo ndiyo iliyoua kiwanda chetu." Ana haki ya kuuliza. Mumias kilikuwa kiwanda kikubwa kupita vyote vya sukari nchini. Septemba 2019 kikawekwa mikononi mwa msimamizi wa madeni, na wafanyakazi na wakulima wa miwa wakabaki wanadai. Wizi wa ndani na uongozi mbaya ulichangia, lakini sukari ya bei ya chini kutoka nje nayo ilichangia, siwezi kukataa. Namheshimu mfanyakazi wa Mumias kama ninavyomheshimu wa reli.

Lakini ndugu yangu, fikiri hivi. Gunia la magendo likiuzwa sokoni, linamuumiza mkata miwa. Gunia hilohilo likikamatwa, likauzwa mnadani kwa bei ya kutupa, kisha likaingia sokoni lilelile, linamuumiza vilevile. Tofauti ni kwamba la kwanza lilipita usiku na la pili lina muhuri. Wewe wa Mumias hukuokolewa na mnada huo hata kidogo. Aliyeokolewa ni mnunuzi aliyepata sukari chini ya bei ya kiwanda. Kwa hiyo mtu wa Mumias na mtu wa Garissa wana dai moja, hata kama hawajakutana: sukari iliyokamatwa isirudi katika biashara chini ya bei ambayo ingekuwa imelipiwa ushuru wote. Ikikosa mnunuzi kwa bei hiyo, na ikiwa imepimwa na ni salama, ipelekwe hospitali na shule za bweni za wilaya zenye njaa, na daftari lionyeshe imepokewa na nani. Isiyo salama, ichomwe au imwagwe mchana.

Mambo ninayotaka chama chetu kiyaandikie Hazina na KRA ni machache, na hayahitaji fedha nyingi. Kila anayenyang'anywa mali, awe yupo au hayupo, apewe karatasi palepale, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, yenye jina la ofisa, idadi ya mali, na siku ya mwisho ya kudai. Karatasi hiyo ina gharama gani? Kondakta wa basi hutoa tikiti kwa kila abiria, nasi watu wa reli hatupokei furushi bila kuliandikia. Mali iliyokamatwa upande wa Garissa, Wajir na Mandera iuzwe Garissa, si mbali, tena kwa mafungu madogo ambayo mwenye duka na chama cha ushirika wanaweza kuyanunua. Orodha ibandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na sokoni kabla ya siku ya mnada. Baada ya mnada ibandikwe tena, na mbele ya kila fungu iandikwe bei iliyolipwa na jina la aliyelipa. Watu watasoma wenyewe. Akionekana jina moja mara ishirini, hatutahitaji tume ya uchunguzi.

Na hati ya mnunuzi iwe na namba ya gari, idadi ya magunia na siku ya mwisho, ikaguliwe na kukatwa kona kwenye kizuizi, kama tulivyozoea kutoboa tikiti.

Jambo moja zaidi, la wanachama wetu wenyewe. Mali inapohamishwa kutoka ghala la Forodha, karani na makuli waliokuwa zamu wapewe nakala ya hesabu, waitie sahihi wakati wa kupokea na wakati wa kutoa. Ofisa mmoja aliwahi kuniambia kwamba hesabu hiyo ni siri ya Serikali. Siri kwa nani? Magunia tumeyabeba mabegani, tunajua idadi yake. Tunachokosa ni sahihi ya kutukinga siku yatakapopungua.

Najua wapo watakaosema dai hili ni la watu wa mpakani, na chama cha reli kina mambo yake ya mishahara na nyumba. Sipingi mishahara, nami nangoja nyongeza kama ninyi. Lakini kwa kila shilingi ya ushuru inayopotelea kati ya kizuizi na mnada, Hazina hutwambia haina fedha. Tulisikia jibu hilo tulipodai posho, tutalisikia tena.

Mkutano wa tawi unaokuja nitaleta azimio hili limeandikwa, na yule ndugu aliyesema Garissa hakuna reli namwomba aje alipinge kwa hoja. Wakati huo, mwanachama yeyote ambaye yeye au jamaa yake amekamatiwa mali njiani, aje kwa katibu kabla mwezi mmoja haujapita tangu siku ya kukamatwa, tumsaidie kuandika barua ya kudai kwa Kamishna. Mwenye karatasi aje nayo. Asiye na karatasi aandike siku, saa, mahali, namba ya basi au lori, idadi ya magunia na namba ya askari kama aliiona. Afisi ya tawi hufunguliwa Jumamosi baada ya saa nane.